Pokémon kwa anayeanza: nunua ipi kama huna wa kucheza naye

Ukiuliza "nianze na Pokémon gani" utajibiwa na watu wazima walioanza na Game Boy, mashine ya zamani ya Nintendo ya mkononi, na kila mmoja atakutajia ile aliyocheza akiwa darasa la tano. Wapotezee kwa leo. Wanachosahau ni kwamba hii gemu ya kukamata viumbe wanaoitwa Pokémon na kuwapiganisha, tangu Red na Green zitoke Japani Februari 1996, ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wawili na waya. Wewe unanunua toleo hili, mwenzio lile, kuna Pokémon wanaopatikana kwako tu na wengine kwake tu, mnaunganisha waya mnabadilishana. Raha kweli, ila mi niko Dar, mtaani kwetu kila mtu ana PlayStation na ligi ya mpira, mwenye Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, ni wa kumtafuta kwa tochi. So hapa napanga kwa kigezo changu mwenyewe: ipi ukiinunua leo ukacheza peke yako haikuachi njiani.

Kabla hujatoa hela, jua kwamba magemu makubwa ya Pokémon yako kwenye Nintendo Switch. Mtu akikuuzia "Pokémon ya PS4" kimbia. Switch Lite, ile ndogo ya kushika mkononi tu, inatosha kabisa, ubaya wake haiunganishwi na TV. Na kama hujui hata kama utapenda, pakua Pokémon GO kwenye simu, ipo tangu 2016 na ni bure, tembea nayo wiki moja, ila usije ukasema umeshaijua Pokémon, kule kazi kubwa ni kutembea na kutupa mpira wa kukamatia Pokémon, na ukikaa nje ya mji vituo vya kuokotea mipira ni vichache mpaka inakera.

Namba moja: Legends: Arceus (2022)

Najua wapo watakaonuna. Haina jimu, yaani zile kumbi za kupigana na viongozi, kupigana na wachezaji wengine hakuna kabisa, na mandhari yake kuna sehemu utadhani gemu ya zamani. Lakini iko moja tu! Hakuna toleo hili na lile. Halafu wale Pokémon ambao kwenye magemu mengine hawabadiliki kuwa umbo lingine mpaka ubadilishane na mtu, mfano Haunter kuwa Gengar, humu kuna kitu kinaitwa Linking Cord, unakitumia anabadilika palepale, humwombi mtu. Hata Arceus mwenyewe, yule wa kwenye jina, unaweza kumfikia ukiwa peke yako kitandani.

Na kukamata kwenyewe ndo kutamu. Unajificha kwenye nyasi ndefu, unanyata, unalenga mgongoni, unatupa mpira, kumaliza, wala hamkupigana. Ukikosea anakuja kukupiga wewe, siyo Pokémon wako, wewe mwenyewe. Kuna wale wakubwa wenye macho mekundu wanaitwa alpha, yupo Rapidash mmoja kwenye eneo la kwanza kabisa ambaye mgeni hajui anapita zake tu, mi alinifukuza nikajikuta nimesimama kwenye kochi. Profesa anakupa kazi ya kuwachunguza, mkamate huyu mara tano, mwone akitumia pigo fulani, na hapo saa sita za usiku zinapita hujala.

Namba mbili: Scarlet au Violet (2022)

Hii ndo Pokémon ya kawaida yenye vyote, jimu nane, Pokémon wa moto anapigwa na wa maji, wa maji anapigwa na wa majani, kila kitu. Dunia iko wazi, imechorwa kwa mfano wa Hispania, na unapanda mnyama kama bodaboda: Scarlet ni Koraidon, Violet ni Miraidon. Nunua unayempenda, usinunue zote mbili, hadithi ni ileile. Kubadilishana onlaini na watu wa mbali kunataka Nintendo Switch Online, ya kulipia, ndo maana nimeiweka ya pili.

Ina ujanja mmoja mbaya. Inakwambia nenda popote unapotaka, ila viongozi wa jimu hawapandi wala kushuka kulingana na nguvu zako, kwa hiyo ukikata kona vibaya unapigwa kama ngoma, ukirudi nyuma unaua kila mtu kwa pigo moja. Anza na jimu ya wadudu ya Cortondo. Na pale mwanzo unapochagua Pokémon wako wa kwanza chukua Fuecoco, kamamba kekundu kavivu, wa moto, wadudu na majani wote chakula chake. Kwenye Switch ya kawaida gemu inakwamakwama, siwafichi, kwenye Switch 2, mashine mpya zaidi, kuna sasisho la bure inateleza vizuri.

Namba tatu, ila kwa mtoto ndo ya kwanza: Let's Go, Pikachu! au Let's Go, Eevee! (2018)

Pokémon wa porini karibu wote hupigani nao, unatupa mpira tu kama kwenye GO. Mtu wa pili akichukua kidude kingine cha kuchezea anaingia kukusaidia, mpwa wangu tulicheza hivyo, yeye anatupa mi namsomea, maana maongezi yote ni maandishi, sauti hakuna, na Kiswahili hakimo. Mtoto asiyejua kusoma Kiingereza usimwachie peke yake na gemu yoyote kati ya hizi.

Zilizobaki haraka haraka. Sword na Shield (2019) ukizipata mtumba kwa bei nzuri chukua, hazina maajabu ila hazikutupi. Legends: Z-A (2025) kali sana, ila mapigano yake hayana zamu, ni papo kwa papo, na karibu yote iko ndani ya mji mmoja, ukianza nayo hizo nyingine zitakuja kukuonekania zimelala. Brilliant Diamond na Shining Pearl ni marudio ya magemu ya 2006, waachie waliozicheza zile.

Kaseti za zamani za Game Boy Advance usiguse kama hujui kuzitambua. Mi niliuziwa Emerald na jamaa mmoja, nikacheza wikendi nzima, nikasevu, Jumatatu nawasha hamna kitu, feki. Za 3DS, mashine nyingine ya zamani ya Nintendo, nazo duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, umebaki kuokota kaseti kwa bei za wakusanyaji.

Kwa Switch nunua kaseti kuliko kupakua, kwanza unaokoa bando, pili ukimaliza unauza, na mtumba hauna shida kwa sababu ulichosevu kinakaa kwenye mashine, siyo kwenye kaseti. Ya Japani, ya Ulaya, ya Marekani, zote zinasoma kwenye Switch yoyote. Kusubiri bei ishuke usisubiri sana, Nintendo hawana haraka hiyo, zilitoka kwa dola 60 na mpya bado ziko karibu na hapo. Ukilazimika kupakua, angalia akaunti yako umeiweka nchi gani ndo ununue kadi ya zawadi ya nchi hiyohiyo, ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza haiingii.