Stata ya mtumba kwenye Corolla 110: miezi saba tangu niifunge

Gari langu ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A, gia otomatiki. Kwa miezi miwili nilikuwa naliwasha kwa kubahatisha. Nageuza ufunguo, nasikia "tek!" moja, injini kimya. Narudia mara tatu, nne, ndipo linawaka. Asubuhi moja mwanangu ana begi mgongoni, geti la shule linakaribia kufungwa, gari likagoma kabisa. Otomatiki hulisukumi likawaka, tukapanda bodaboda.

Kila niliyemuuliza alisema ni betri. Nikapima: volti 12.6, na ile "tek" inapolia taa za dashibodi hazififii hata kidogo. Hapo nikajua ugonjwa uko kwenye stata yenyewe, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake.

Mwanzo nilinunua stata mpya ya boksi, ya bei rahisi. Ilidumu wiki kumi na moja, ikaanza kusaga meno, na muuzaji akakataa kuipokea. Iliniuma sana. Mara ya pili nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Kariakoo, Dar es Salaam, na stata yangu ya zamani mkononi, nikapata stata ya mtumba ya kampuni ya Denso kutoka Japani kwa shilingi 90,000. Tukazilinganisha: idadi ya meno, matundu ya bolti, mahali pa soketi ndogo ya waya. Nikamwambia kijana wa dukani, "Mdogo wangu, ipigie betri niione." Akaikanyaga kwa mguu, akagusisha waya, gia ikachomoka na kuzunguka kwa mlio mmoja usiokatika. Nikalipa.

Kuifunga nyumbani kulinichukua saa mbili na nusu, gari likiwa juu ya stendi mbili, si jeki peke yake. Waya wa hasi wa betri ndio wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Tafadhali msilifanyie mzaha hili: ule waya mnene wa stata unatoka moja kwa moja kwenye betri, spana ikiugusa pamoja na bodi ni cheche na moto. Baada ya hapo kazi ni nati moja ya waya mnene, soketi ndogo, na bolti mbili za spana 14. Ya chini ilishikwa na kutu. Nikaipulizia dawa ya kutu, nikaenda kunywa chai, niliporudi ikaachia. Kichwa cha waya nilikisugua kwa msasa mpaka kikang'aa ndipo nikakirudisha.

Tangu hapo linawaka kwa mguso mmoja, hata asubuhi za mvua za masika.

Ile stata ya zamani niliifungua baadaye. Ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, mna vipande viwili vya shaba vinavyogongwa kila ukiwasha gari, na kimoja kilikuwa kimelika mpaka kimebaki chembamba kama ukucha. Vipande hivyo vinauzwa peke yake. Ningelijua hilo mapema, ningeanza navyo kabla ya kununua stata yoyote.