Uzoefu wangu: Most Wanted ya 2005 kwenye TV flati, picha bila kuvutwa

Wakuu habari zenu, niko Mtwara mjini huku Chikongola, hii ni kwa wale ambao bado wanazipenda gemu za zamani za kompyuta na TV ya chogo haipo tena nyumbani. Gemu yangu mimi ni Need for Speed: Most Wanted, gemu ya mbio za magari, ile ya 2005, ya mji wa Rockport na mpinzani Razor na gari BMW M3 GTR, sio ile waliyotoa 2012 wakaipa jina lilelile. Hela ya korosho ilipoingia nikavuta TV ya inchi 43, nikachomeka laptopu kwa waya wa HDMI, gemu ikawaka fresh tu ila picha aisee, magari yamebonyea yamepanuka, karamani ka duara pale chini kushoto kamekuwa kama yai. Fundi mmoja akaniambia gemu za zamani ndo zilivyo kwenye TV za sasa, nizoee au ninunue mashine mpya. Sikukubali kabisa.

Iko hivi, gemu ile imetengenezwa enzi za vioo vya 4:3 (upana 4 kwa urefu 3), na TV ya sasa ni 16:9 yaani 1920x1080, sasa picha ya 4:3 ikivutwa mpaka ijae kioo chote kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi nzima huku urefu uko palepale. Unaweza kuingia seting za TV ukaweka 4:3, umbo linarudi sawa kweli, ila unabaki na mapande mawili meusi kushoto na kulia, kwenye ule upana wa 1920 gemu inatumia 1440 tu. Wenye PS2 anzeni na hiyo, haina gharama. Ila kwa kompyuta kuna kitu bora zaidi.

Jamaa anaitwa ThirteenAG anatengeneza pachi (mafaili madogo ya kurekebisha gemu) za bure za gemu nyingi za zamani, ya Most Wanted ni ndogo sana, haikumalizii bando. Unafungua zip, unaweka mafaili kwenye folda la gemu pale pale ilipo speed.exe (faili la kuwashia gemu), yaani dinput8.dll na folda la scripts, basi, ukiwasha inasoma yenyewe saizi ya kioo chako. Hakikisha gemu yako ni toleo 1.3 maana bila hivyo haifanyi kazi. Antivairasi yangu iliikamata ile dll ikaifuta nikabaki nashangaa mbona hakuna kilichobadilika, ikabidi niiruhusu kwanza ndo nikarudishia.

Sasa tofauti yake na kuvuta picha ndo ninachotaka mkielewe, hii pachi haipanui picha, inafanya gemu yenyewe ichore sehemu ya pembeni ambayo zamani ulikuwa huioni. Ukifika njia panda unaona polisi anakuja toka barabara ya pili kabla hajakuvaa, magari yana umbo lake, ramani duara, spidomita imekaa kwenye kona yake sawasawa. Nilifukuzwa na polisi usiku ule mpaka mdogo wangu akaja kuuliza hii ni gemu mpya? Hapana dogo, ni ileile! Zile video za hadithi tu ndo zimebaki na ukungu wake, zilirekodiwa hivyo, na pachi hii haiziongezei uang'avu.

Laptopu kama haina nguvu usilazimishe 1080, maana doti ni zaidi ya mara mbili na nusu ya zile za 1024x768, na kwa joto la huku kwetu feni inapiga kelele balaa. Fungua ile faili ya ini (ya seting za pachi) iliyo kwenye folda la scripts kwa Notepad, andika ResX 1280 na ResY 720, hiyo bado ni 16:9 kwa hiyo umbo haliharibiki, TV itakuza yenyewe. Mimi nacheza hivyo na sioni shida nikikaa kwenye kochi. Alafu kwenye TV tafuta ile gemu modi uiwashe, bila hiyo unakata kona gari inachelewa kuitika na hapo ndo watu wanalaumu gemu bure.

GTA San Andreas nayo nimeiweka pachi ya huyo huyo, imekaa poa, ila tafuta exe ya 1.0 maana pachi nyingi zinaitaka hiyo, na ile fremu limita (inayozuia idadi ya picha kwa sekunde) kwenye menyu msiizime, fremu zikipanda sana CJ, yule mhusika unayemchezesha, anaogelea kwa tabu na misheni za majini zinakuwa mateso.