Vitabu vya Ufilipino: kipi ununue kwanza, na toleo gani

Wengi hupoteza pesa kwa kutazama jina la kitabu tu. Kwenye vitabu vya Ufilipino, angalia kwanza mfasiri na mwaka wa toleo.

Cha kwanza: Noli Me Tangere, José Rizal. Ni riwaya, lakini historia ya nchi ile inapita humo. Ilichapwa Berlin mwaka 1887 kwa Kihispania, ikiwaanika mapadri na watawala wa kikoloni. Rizal alipigwa risasi na watawala hao, Manila, tarehe 30 Desemba 1896.

Mtego uko kwenye tafsiri za Kiingereza. Ile ya Charles Derbyshire ya 1912 inaitwa *The Social Cancer*. Ni Noli ile ile, si kitabu cha pili, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanaitoa bure. Hata hivyo wapo wanaoichapa upya kwa jalada linalong'aa, bila kumtaja mfasiri, wakakuuzia. Kabla ya kulipa, omba picha ya ukurasa wa hakimiliki. Jina la mfasiri likikosekana, achana nayo. Tafsiri ya León Ma. Guerrero (1961) inasomeka kwa ulaini, ila imepukutisha mengi ya mahali na wakati ule. Ya Soledad Lacson-Locsin inamfuata Rizal kwa karibu zaidi, na ndiyo ya kutafuta. Ukiikosa, chukua ya Harold Augenbraum (Penguin, 2006), ambayo ni rahisi kuipata nje ya Ufilipino. El Filibusterismo (1891), mwendelezo wa Noli, kisubiri zamu yake: siri yake inamhusu mtu ambaye lazima uwe umekutana naye kwenye Noli.

Cha pili: Tikim, Doreen Fernandez (Anvil, 1994). Hizi ni insha kuhusu chakula, kwa hiyo anayetaka vipimo atakasirika. Kwa anayetaka kuelewa kwa nini Wafilipino wanapenda uchachu, sijaona kinachokizidi. Na msomaji wa pwani hatakuwa mgeni kwenye chakula cha kule: samaki wa tui (tui wanaliita *gata*), siki inayotokana na tembo la mnazi (*tuba*), na *atsara* ya papai bichi, ambayo kwa jina na kwa ukali ni ndugu ya achari yetu. Brill wa Uholanzi walikitoa upya baadaye.

Cha tatu: Barangay, William Henry Scott (1994). Kinaeleza maisha ya karne ya 16, kwa kuchambua maandishi ya Wahispania na kamusi zao za mwanzo. Ni kizito, soma sura moja moja. Kama unataka historia nzima kwa mfululizo, chukua History of the Filipino People ya Teodoro Agoncillo, toleo la nane (1990), ukijua kwamba mwandishi ni mzalendo na hafichi.

Mapishi yanakuja mwisho. Memories of Philippine Kitchens cha Amy Besa na Romy Dorotan kina simulizi nyingi. I Am a Filipino (2018) kinafaa zaidi jikoni. Vyote vimetoka Marekani, na kikombe cha huko ni mililita 240. Ukipimia kikombe chako cha chai, adobo (nyama iliyopikwa kwa siki) itazidi siki au itapungukiwa. Calamansi, ndimu ndogo ya kule, ukiikosa, ndimu yetu inatosha.

Pa kununua. Manila kuna duka la Solidaridad, mtaa wa Padre Faura. San Francisco kuna Arkipelago. Tarakimu 971 au 621 baada ya 978 kwenye ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu) ni za wachapaji wa Ufilipino. Hapo uliza lugha kabla ya kuagiza, maana jina la Kiingereza juu ya jalada halizuii kurasa za ndani kuwa za Kifilipino. Nauli huhesabiwa kwa uzito, na kitabu cha mapishi chenye picha kinaweza kukugharimu zaidi njiani kuliko dukani. Mlio Ghuba mna njia nyingine: mwenzako wa kazi Mfilipino anapokwenda likizo, mpe pesa na ISBN iliyoandikwa kwenye karatasi. Ukimtajia Noli tu, huenda akakuletea toleo lililofupishwa la wanafunzi.