Cessna 172 ya mtumba: ndege nzuri, ila ipangie kwa kalenda

Kwa mtu anayemiliki ndege kwa mara ya kwanza sioni ndege ndogo ya kumshauri kabla ya hii. Zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000 tangu 1956, spea zipo, na fundi wa ndege ambaye hajawahi kuifungua ni wa kutafuta kwa tochi. Inaruka taratibu, inasamehe makosa, mimi naipenda kweli.

Shida ni vile tunavyoinunua. Muuzaji anakwambia injini bado mbichi, haijakaribia hata nusu ya masaa 2,000 ya kuruka ambayo ndo kikomo cha kuifungua na kuikarabati upya, na wewe unaanza kupanga matengenezo kwa masaa tu. Sasa sikia, kwenye Lycoming O-320, ambayo ndo injini ya 172 nyingi za miaka ya 70, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) imekaa juu ya krenkshafti (mhimili unaozungusha propela), ukizima oili yote inashuka chini, ndege ikilala bandani wiki kwa wiki ile kemshafti inabaki kavu, unyevu unaingia kutu inaanza, na siku ukija kuwasha vyuma vinasagana. Ndo maana Lycoming wenyewe, watengenezaji wa injini, wameweka ukarabati huo kwa masaa 2,000 AU miaka 12, na kubadili oili ni masaa 50 au miezi minne, kinachotangulia. Kama haina filta, ina kichujio cha wavu tu, basi ni masaa 25. Anayeruka wikiendi moja moja miezi minne itamkuta mapema sana.

Na oili ikimwagwa usiondoke, mwambie fundi aikate filta mbele yako. Ile karatasi ya ndani mnaikunjua, mnaikamua, mnaitandaza juani halafu mnapitisha sumaku. Vumbi kidogo sana haliogopeshi, ila ukiona vipande vinanata kwenye sumaku hiyo ndege hairuki mpaka ijulikane vimetoka wapi. Peleka na sampuli ya oili maabara tangu mara ya kwanza kabisa, maana jibu moja halikwambii kitu, unataka kuona namba zinapanda au zimetulia.

Mwaka wa kwanza weka hela pembeni ya kutosha, ukaguzi wa kwanza ukiwa na fundi wako mwenyewe, sio wa muuzaji, huwa unafukua mengi. Magneto, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, zinafunguliwa kila masaa 500, angalia kwenye logbuku (daftari la matengenezo ya ndege) mara ya mwisho ilikuwa lini. Reli za viti msizipite, kiti kikichomoka wakati unapaa kinarudi nyuma na wewe umeshika usukani, pua inainuka, watu wamekufa hivyo. Hizo zinakaguliwa kila masaa 100 au miezi 12.

Ukikuta 172N ya 1977 hadi 1980 jua ina injini ya H2AD, aina mojawapo ya O-320, inayojulikana kwa kula kemshafti, uliza kama imekuwa ikiwekewa ile dawa ya oili ya Lycoming na imeandikwa kwenye logbuku. Haijaandikwa? Mimi ningetafuta 172M, toleo la kabla yake.