Skima ya Nyos Quantum 220 kwa Tangi Kubwa la Matumbawe

Kwa tangi la matumbawe la lita 1,000 ningechagua Quantum 220 ya kampuni ya Nyos ya Ujerumani, skima (kifaa kinachoondoa uchafu majini kwa povu), badala ya ndugu yake mdogo, Quantum 160, kwa kuwa samaki wengi wanaolishwa vizuri huchafua maji kuliko ujazo wa tangi unavyoonyesha. Pampu yake yenye gurudumu la sindano hukatakata hewa iwe viputo vidogo mno, na protini hunata kwenye viputo hivyo na kupanda hadi kwenye kikombe cha kukusanyia uchafu kilicho juu ya skima, kabla bakteria hawajazivunja kuwa amonia na hatimaye nitrati.

Wanunuzi wengi hulipuuza suala la kina cha maji katika tangi la chini (tangi dogo la kuchujia maji, ambamo skima husimama), nami naliona kuwa zito kuliko bei: kina kikipanda na kushuka, povu nalo huyumba, leo hafifu, kesho linafurika. Pima pia urefu wa kabati lililo chini ya tangi kubwa, ili skima iingie. Siku za mwanzo povu husuasua, kwa hiyo usiharakishe kuzungusha kitasa cha kurekebishia povu. Kikombe hutoka kwa urahisi, jambo ninalolithamini sana, maana shingo ya kikombe yenye utando wa mafuta hudhoofisha povu na inahitaji kufutwa mara kwa mara.