Kamba ya mita 10 ya kumfunzia mbwa kunusa: yafaa, kasoro kulabu

Mbwa mchanga wa kuwinda hafunzwi kunusa kwa kamba ya mita mbili. Kwa umbali huo hugeuka kila mara kumtazama mwenyewe, na mwenyewe naye, hata asipokusudia, humwelekeza kwa mkono. Mita 10 humpa nafasi ya kukosea na kujirekebisha.

Hii ni utepe wa nailoni uliovikwa plastiki laini, upana milimita 13. Hainyonyi umande wala haizoi mbigili; ipanguse kwa kitambaa, imekauka. Kamba ya nailoni tupu ya pale soko la Owino, Kampala, ni rahisi zaidi, ila mbwa akichomoka inaunguza viganja. Ya katani hunywa maji ikawa nzito, mbwa akahisi anavutwa nyuma. Ikija na kitanzi cha mkono, kikate, maana kwenye migomba hunasa kila kisiki.

Ubovu uko kwenye kulabu. Ni ya bati jepesi, springi yake ikiingia mchanga hugoma kufunga, na mbwa akivuta kwa pembeni hufunguka. Weka ya shaba kabla hujatoka nyumbani. Tena ifunge kwenye mkanda wa kifua, pete ya mgongoni. Ukiifunga shingoni, kila ikikaza mbwa anaelewa kwamba anakatazwa, naye anaacha kunusa.

Itumie asubuhi mapema, jua halijakausha ardhi. Kanyaga mstari wa hatua 50, upepo ukiwa mgongoni, na kwenye kila unyayo acha kipande cha maini ya kuchemsha, kidogo kama punje ya mahindi. Upepo ukimjia mbwa usoni atainua kichwa afuate hewa, ardhi asiisome. Subiri dakika 10, kisha mwache aanze mwenyewe, kamba imelegea. Akifika mwisho pua ikiwa chini, punguza maini hadi kila hatua ya tano, halafu ongeza kona moja.

Kwenye kona ndipo wengi huharibu. Mbwa huipita kidogo, harufu hukatika, anaanza kuzunguka. Simama hapo hapo, usivute, usiseme neno. Ukizoea kumvuta upande ulio sahihi, kila kona atasimama akungoje umwonyeshe, na mbwa wa namna hiyo porini hana kazi.

Matope yakiigusa plastiki huteleza, kwa hiyo vaa glavu. Na kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019 inakataza kuwinda bila kibali, kamba ina kazi ya pili: mbwa anafuata nyayo za mtu au za mbuzi aliyepotea bila kumkimbilia swala aliyekatiza mbele yake.

Ya mita 15 nayo ipo, nzuri uwanjani. Vichakani itakufunga miguu.