Fundi wa kompyuta za DOS (mfumo endeshi wa zamani), Darajani: anasafisha virusi vizuri, ila mpelekeeni flopi (diski za kuchomeka na kuchomoa) zote

Kazi yake ni ya kuaminika. Haiwashi mashine kwa diski yake yenyewe. Anatumia flopi safi iliyofungwa isiandikike, maana kirusi cha Jerusalem cha 1987 hukaa kwenye kumbukumbu na kuambukiza karibu kila programu inayofunguliwa. Kisha analinganisha ukubwa wa mafaili ya programu, ambayo ni ya aina mbili, COM na EXE: la COM huongezeka baiti 1,813 mara moja tu, lakini la EXE huvimba kila likifunguliwa, takriban baiti 1,808, hadi kumbukumbu ishindwe kulibeba. Dosari, nayo kubwa: flopi za mteja hazikagui asipoambiwa. Moja tu ikibaki, hata ya michezo, kirusi kinarudi, na Ijumaa ya tarehe 13 hufuta kila programu utakayoifungua.